Balbu mbili kwenye betri za tochi: ipi itawaka zaidi?

Vijana wanaojifunza ufundi umeme kwangu huanzia mezani, na betri za tochi. Ukutani kuna volti 230, na huko hakuna kujaribujaribu.

Tafuta betri kubwa 2 za volti 1.5, vipande vya waya, na balbu 2 za tochi za kizamani, zile zenye kiwaya chembamba ndani. LED haifai kwa zoezi hili. Soma shingoni mwa balbu: moja iwe ya volti 2.5 na ampea 0.3, nyingine volti 2.5 na ampea 0.2.

Hatua ya 1. Panga betri kichwa kwa kitako upate volti 3. Washa balbu moja moja. Ya 0.3 inang'aa zaidi. Sawa.

Hatua ya 2. Zifunge kwa mfuatano: waya utoke kwenye betri, uingie balbu ya kwanza, kisha ya pili, urudi kwenye betri. Kabla hujagusisha waya wa mwisho, bashiri. Karibu kila mwanafunzi huchagua ya 0.3, na hukosea! Ya 0.2 ndiyo inayowaka. Mwenzake hutoa wekundu tu, au giza kabisa. Hapo utasikia "ya mbele imekula umeme." Basi zibadilishe nafasi: ya 0.2 bado inashinda. Mkondo ni uleule kote, kinachogawanywa ni volti, na mwenye ukinzani mkubwa, yaani anayeuzuia umeme zaidi, hupata fungu kubwa. Ukinzani hupimwa kwa omu: ikiwaka kwa volti zake 2.5, ya 0.2 ina omu 12.5 (2.5 ÷ 0.2), ya 0.3 kama omu 8.3. Tena kiwaya kikipoa ukinzani hushuka, kwa hiyo iliyofifia inazidi kupunjwa.

Hatua ya 3. Legeza moja, zote zinazima. Ikaze tena, kisha unganisha ncha mbili za balbu ya 0.3 kwa kipande cha waya. Yenyewe inazima, ya 0.2 inaruka mwanga. Betri usiifanyie hivyo, waya utakuunguza vidole.

Hatua ya 4. Sasa sambamba: kila balbu na waya zake mbili hadi kwenye betri. Ya 0.3 inaongoza tena, na ukilegeza moja nyingine haina habari.

Taa za nyumba hufungwa hivi. Niliwahi kuitwa kwenye korido yenye balbu mbili hafifu. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua mpya mara tatu. Nikazima meni swichi, nikafungua boksi: fundi aliyetangulia alizifunga kwa mfuatano.