Kuomba pesa KCDF kwa kikundi cha vijana na familia

Kama mko na kikundi mtaani kinasaidia vijana na familia zao, msiogope kuomba KCDF (Kenya Community Development Foundation), shirika linalotoa pesa kwa vikundi vya jamii, wako Kenya tangu 1997 na kazi yao ni kuinua vikundi kama vyenu. Kwanza cheti cha usajili kisiwe kimeisha muda, na akaunti ya benki iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti, hapo ndio wengi huangukia. Alafu bajeti. Andikeni kila kitu kwa bei ya duka la kwenu, daftari ngapi, nauli ngapi, uji wa watoto, na mweke pia mchango wenu hata kama ni ukumbi wa kanisa ama nguvu za wazazi, hiyo inaonyesha jamii yenyewe imeshika kazi. Tangazo lao la kualika maombi lisomeni lote, tarehe ikipita ndio basi. Na risiti tafadhali, wekeni tangu siku ya kwanza.