Kuhuisha hati miliki ya nyumba au fleti inayokaribia kuisha muda: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya udhamini wa Rais, na kile tunachokiita hati ya nyumba ni haki ya kuitumia ardhi hiyo kwa muda uliotajwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaweka kikomo cha miaka 99, lakini hati nyingi za mijini ni za miaka 33 au 66, na zile za miaka 33 zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndizo zinazofikia ukomo sasa. Mwenye hati ya namna hiyo asipohuisha milki yake kwa wakati, hujikuta akiomba upya kiwanja ambacho nyumba yake imekwisha kusimama juu yake.

Anza kwa kusoma hati yenyewe, hasa ukurasa wa mwanzo ambao watu wengi hawajawahi kuufungua tangu siku walipokabidhiwa. Hesabu ya miaka huanzia tarehe iliyoandikwa kwenye hati, ambayo aghalabu ni ya kwanza ya mwezi fulani na inaweza kuwa ya nyuma sana kuliko siku ya kusajiliwa. Hati ya miaka 33 iliyoandikwa kuanzia tarehe 1 Julai 1994 inakwisha tarehe 30 Juni 2027, hata kama mhuri wa Msajili wa Hati uligongwa mwaka 1997. Nyumba chache kongwe ziko katika hali tofauti: milki huru za enzi ya ukoloni, yaani zisizo na ukomo wa muda, ziligeuzwa mwaka 1963 kuwa pango la Serikali la miaka 99, kisha mwaka 1969 zikawa haki za kumiliki ardhi kama nyingine, hivyo muda wake bado unaendelea hadi 2062.

Ukishajua tarehe, usikimbilie kuandika barua ya maombi. Kwa maoni yangu, kinachochelewesha maombi mara nyingi si ofisi ya ardhi; ni mambo ambayo mmiliki mwenyewe ameyaacha yakalundikana kwa miongo mitatu, na ndiyo maana mwaka mmoja au miwili kabla ya ukomo si mapema hata kidogo.

La kwanza ni kodi ya pango la ardhi. Wapo wanaoamini kwamba wameilipa kwa sababu kila wanaponunua umeme wa LUKU kiasi fulani hukatwa. Makato hayo, yaliyoanza mwaka 2021, ni kodi ya majengo. Kodi ya ardhi hulipwa peke yake kila mwaka kwa namba ya malipo inayotolewa na mamlaka za ardhi, na deni lake hukua kwa riba. Lipa lote, kisha uhifadhi stakabadhi.

La pili, na ndilo gumu kuliko yote, ni jina. Hati ikiwa bado katika jina la baba aliyefariki, watoto hawawezi kuomba kana kwamba wao ndio wamiliki. Inabidi familia ikae kikao na kuandika muhtasari, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo asajiliwe kwenye hati kabla ya jambo lingine lolote. Kama ndugu hawaelewani, suluhisheni sasa, maana muda wa hati hausubiri kesi. Hati iliyowekwa rehani nayo inahitaji benki ishirikishwe tangu mwanzo, kwa kuwa hati halisi iko kwao.

Halafu kuna matumizi. Kiwanja kilichotolewa kwa ajili ya makazi na leo kina lojing au maduka kando ya barabara kimekiuka sharti la hati, na ukaguzi utaligundua hilo. Omba kubadili matumizi kwa utaratibu wa mipango miji kwanza. Wenye nyumba za ufukweni, kuanzia Capri Point hadi Luchelele, wakumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji yalipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, kwa hiyo ni busara kumwita mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe mipaka ilipo kabla afisa hajaiuliza.

Kwa mwenye fleti, suala lina sura nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, hati ya fleti hutegemea hati ya kiwanja kizima na haiwezi kuishi zaidi yake. Kwa hiyo mtu wa ghorofa ya tatu hawezi kuhuisha peke yake. Chama cha wamiliki wa jengo ndicho kinachopaswa kulishughulikia, na jirani mmoja mwenye deni anaweza kuwachelewesha wote. Ombeni nakala ya hati mama, yaani ile ya kiwanja kizima, muisome pamoja.

Maombi huanzia idara ya ardhi ya halmashauri. Hapa watu hupotea njia, kwa sababu Ilemela ilipata halmashauri yake mwaka 2012, na hati za zamani za Kirumba, Pasiansi au Nyakato bado zinataja Mwanza. Majalada ya maeneo hayo yafuatilie Buswelu, yaliko makao ya halmashauri ya Ilemela. Peleka barua, hati, stakabadhi za kodi, kitambulisho cha taifa na picha. Baada ya ukaguzi, hati mpya huandaliwa na kusainiwa kwa mamlaka ya Kamishna wa Ardhi, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Dai ankara ya Serikali kwa kila malipo, na usimpe mtu fedha mkononi.

Kabla ya kutia saini hati mpya, linganisha herufi za jina na kitambulisho chako, namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa wa eneo, matumizi, na tarehe ya kuanza. Kosa likionekana hapo hurekebishwa mezani. Likishasajiliwa, utahitaji maombi mengine ya kulisahihisha.