Madumu meusi ya maji ndani ya kitalu nyumba

Kwa wenzangu wa Njombe, Makete na kwingine kwenye sakitu (barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku) ya Juni na Julai: panga madumu ya lita 20 yaliyojaa maji ndani ya kitalu nyumba, yakiwa yamepakwa rangi nyeusi. Yaweke upande unaopigwa na jua (kwetu kusini mwa ikweta, miezi hiyo jua hupitia kaskazini), kisha miche ya nyanya na hoho isogee karibu nayo. Kitalu changu cha mita 3 kwa 4 kina madumu 20.

Mchana maji hunywa joto. Usiku huliachia polepole. Maji hushika joto karibu mara mbili ya jiwe la ujazo uleule, ndiyo maana nimeacha kupanga mawe. Ila siri kubwa ni kufunga madirisha mapema, saa tisa alasiri, kabla joto halijatoka. Ukisubiri mpaka jua lizame, umechelewa.

Usitegemee njia hii siku mbili tatu zikipita na ukungu mtupu: madumu yanabaki baridi na hayana cha kurudisha. Hapo funika miche kwa nailoni ya pili juu ya vijiti, isiguse majani. Haifai pia nailoni ya kitalu ikiwa na matundu, au madumu yakikaa kivulini nyuma ya mimea mirefu. Na usijaze hadi mdomoni kabisa, maji yakipata moto hutanuka.