SOMO: Umeanguka kwa farasi mara mbili tatu na sasa mwili unakataa kupanda? Tuanzie chini

Hamjambo wapendwa. Hili swali naulizwa sana, hasa na watu wazima walioanza kujifunza ukubwani, so leo naliandika lote mara moja.

Mimi nilianguka mara tatu ndani ya miezi miwili, huku Karen Nairobi. Ya tatu ilivunja mtulinga, mkono ukafungwa wiki sita. Mfupa uliposhika nikajua mambo yameisha, nikavaa helmeti nikaweka mguu kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko), na goti likaanza kutetemeka mpaka kile chuma kikawa kinagonga-gonga ubavu wa farasi, naye akaanza kusogea kando, masikio nyuma. Nikatoa mguu. Mzee mmoja saisi, yaani mtunza farasi, wa miaka mingi, akachukua hatamu akaniambia, "Leo usipande mwanangu. Leo msugue tu." Nilisugua wiki mbili nzima bila kupanda na hapo ndipo nilipoanza kupona.

Kwanza, kuna ile kauli ati ukianguka panda tena hapo hapo. Mimi siikubali hivo ilivyo. Kama umegonga kichwa hupandi, hata ujisikie poa. Kichefuchefu, kuona mbili mbili, kusahau ulivyoanguka, usingizi usioeleweka, hiyo ni ya hospitali. Na kama hukuumia lakini unatetemeka, panda kama unataka mwenyewe na kuna mtu ameshika farasi, sio kwa sababu watu wanakuangalia.

HATUA YA 1: Tafuta sababu ya kila anguko
Chukua karatasi, andika moja moja. Yangu ya kwanza, tandiko lilizunguka. Farasi wengi hujaza tumbo ukiwa unakaza mkanda wa tandiko unaopita chini ya tumbo, alafu wakishatembea kidogo wanaliachia na mkanda unalegea, mimi sikuwa nimekaza mara ya pili. Ya pili, boda ilitokea ghafla nyuma ya ua, farasi akaruka kando nikabaki hewani. Ya tatu tulikuwa kwenye kanta, ule mwendo wa mbio za wastani, nikaogopa, nikainama mbele na kubana magoti, naye akaongeza mwendo. Nilikuwa nimejiambia "mimi sijui kupanda", kumbe ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina dawa yake: mkanda nakaza mara mbili, barabara ya maboda naiacha kwa sasa, na kukaa kwangu narekebisha na mwalimu. Angalia pia upande wa farasi. Mgongo unamuuma? Tandiko linamkaa? Anakula nafaka nyingi alafu anafungiwa siku tatu bila kutoka? Huyo hata fundi atamrusha.

HATUA YA 2: Vifaa
Helmeti iliyogonga chini siku ya kuanguka, itupe, hata kama huoni ufa, manake ule povu wa ndani hujibonyeza mara moja tu na haurudi. Ndio maana helmeti ya mitumba mimi sishauri kabisa, hujui imeangukia wapi. Viatu viwe na kisigino kidogo, raba zinapenya kwenye kikuku na ukianguka unaburutwa. Alafu omba mkanda wa shingo, yaani ukanda wa kawaida unafungwa shingoni mwa farasi, ukiogopa unashika huo badala ya kuning'inia kwenye mdomo wake.

HATUA YA 3: Kazi ya chini
Hapa ndipo watu wanaruka na hapa ndipo kwenyewe. Msugue, safisha kwato, mtembeze, msimamishe, mrudishe nyuma hatua mbili. Jifunze kumsoma. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, kitu cha kwanza anachowaza ni kukimbia, na anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya uso na nyuma yake, so ukitokea huko kimya anashtuka na si ubaya wake. Akishusha kichwa, akalamba midomo, akatoa ile pumzi ndefu ya puani, ametulia. Kichwa juu, shingo ngumu, masikio yamesimama upande mmoja, ameona kitu. Siku nilipojua kuona hivo kabla hajaruka, nusu ya woga wangu iliondoka.

HATUA YA 4: Panda kwa dakika chache
Mtu ashike kamba ndefu, farasi azunguke kwa kutembea tu, dakika kumi. Shuka ukiwa bado unataka kuendelea. Usingoje woga ukushushe, kwa sababu mwili unakumbuka mwisho.

Ukiwa juu, imba. Nasema kweli kabisa, mtu anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na ukizuia pumzi mgongo unakaza, magoti yanabana, farasi anasikia yote. Ona mbali kule unakokwenda, usitazame chini. Hapa Nairobi farasi wengi wa kujifunzia walitoka kwenye mbio, na hao wamezoea kuegemea hatamu: ukivuta mikono yote miwili bila kuachia, kwake ni kama umesema twende. Vuta, achia, vuta, achia.

Alafu fanyeni mazoezi ya kushuka haraka farasi akiwa amesimama, na ya kumsimamisha kwa hatamu moja mkiwa mnatembea, unamleta kichwa taratibu kuelekea goti lako, azunguke duara dogo mpaka asimame. Hiyo usiijaribu akiwa shoti, yaani mbio kali, mnaweza kuanguka wote. Troti (mwendo wa kudunda-dunda kati ya kutembea na kanta) na kanta zitakuja, mimi kanta ilinichukua miezi minne.

MASWALI

Swali: Dada, mimi niko Nakuru, mtoto wangu wa miaka tisa alianguka mara mbili na sasa analia tukifika getini. Nimlazimishe?
Jibu: Hapana mama, usimlazimishe. Mpeleke akalishe karoti mrudi nyumbani. Wiki ijayo asugue. Na wewe usisimame pale kwenye ua ukishika mdomo, anakuona.

Swali: Mguu wangu una chuma tangu ajali ya gari, kushoto hauna nguvu. Nimeanguka mara nne. Niache tu?
Jibu: Kaka, daktari wako aseme kwanza kama mfupa unaruhusu. Akiruhusu, ujue Lis Hartel wa Denmark alipata polio 1944, chini ya magoti hakuwa na nguvu, alikuwa anasaidiwa kupanda na kushuka, na 1952 kule Helsinki alichukua medali ya fedha ya Olimpiki akiwa juu ya farasi. Tafuta farasi mpole, mfupi, na mwalimu ambaye hatakuita mvivu wa mguu wa kushoto.

Swali: Mimi nafanya kazi ya usaisi Muscat, kuna farasi dume limenirusha mara mbili na bosi anataka nilipande kila asubuhi. Sijamwambia mtu kama naogopa.
Jibu: Ndugu yangu, pole sana, hii ni ngumu kuliko yetu sote manake sisi tunaweza kukaa nyumbani. Mwambie saisi mkubwa wa hapo, na mwambie kwa lugha ya kazi: huyu farasi ananirusha wakati gani, upande gani, tandiko gani, naomba akaguliwe mgongo na meno. Hapo hujasema unaogopa, umetoa ripoti. Kabla ya kupanda mzungushe kwa kamba dakika kumi na tano apunguze moto. Na usipande peke yako alfajiri bila mtu kujua uko wapi. Ukishaongea nao, nijulishe walisemaje.