Kurekebisha Ditekta ya Metali kwa Ajili ya Sarafu za Kale Pwani ya Mwanza

Anayenunua ditekta ya metali kwa mara ya kwanza hapa Mwanza huiwasha, huchagua modi yenye alama ya sarafu, kisha hushuka nayo ziwani moja kwa moja. Saa tatu baadaye hurudi na mfuko uliojaa visoda na misumari ya mitumbwi, akiilaumu mashine. Mara nyingi mashine haina kosa. Modi ile ilipangwa kiwandani kwa kufuata sarafu za Marekani na Ulaya, ilhali fedha zilizodondoka katika mialo yetu, yaani sehemu za ufukweni zinakotua mitumbwi, zilitengenezwa kwa metali nyingine na kwa unene mwingine, na nyingi kati yake zina tundu katikati. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa modi hiyo na kuanza kwa kuzijua sarafu zenyewe.

Za zamani zaidi ambazo mtu anaweza kuzitarajia kwa wingi kiasi ni za utawala wa Wajerumani. Rupia yao ya fedha ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Mwanzoni iligawanywa katika pesa 64 za shaba, na kuanzia 1904 ikagawanywa katika heller 100, sarafu ambayo jina lake tumelibakiza hadi leo tunaposema hatuna hela. Heller 10 zilizotolewa kuanzia 1908 zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli na zilitobolewa katikati, na mwaka 1916, vita vilipokata njia za bahari, heller 20 zilipigwa Tabora kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano. Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Shilingi hiyo, pamoja na kuonekana nyeupe, ilikuwa na fedha robo tu, na baada ya vita vya pili hata robo hiyo iliondolewa. Senti zao za shaba zenye tundu ndizo zinazookotwa mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote.

Mpangilio huu wa metali ndio unaoamua namba utakazoziona kwenye skrini. Fedha safi hutoa namba ya juu, shaba nene huifuata kwa karibu, lakini shaba iliyochanganywa na nikeli hushuka hadi eneo la karatasi za aluminiamu na vishikio vya makopo ya soda. Kwa hiyo anayeiamuru mashine yake inyamazie aluminiamu anakuwa ameinyamazisha pia heller 10 yenye tundu, na hatajua kamwe alichopita juu yake.

Kabla ya kwenda ziwani, tafuta sarafu tano au sita za aina hizo. Wapo wazee wanaozihifadhi kwenye makopo, na wapo wauzaji wa vitu vya kale. Laza koili, yaani ile sahani iliyo mwisho wa fimbo, juu ya meza ya mbao isiyo na misumari, zima mchujo wote, yaani ule mpangilio wa kuinyamazisha mashine kwa metali fulani, kisha pitisha kila sarafu kwa umbali wa sentimita 10 na uandike namba yake kwenye daftari. Baada ya hapo zifukie uani, moja sentimita 5, nyingine 10, nyingine 15, na uzipitie tena. Utaona kwamba namba za zile za chini huyumba, na katika udongo wenye chuma kingi huweza kuvutwa kuelekea upande wa chuma. Daftari hilo litakufaa kuliko kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine.

Ukifika ufukweni, iwe Igombe, Kayenze au kwingineko, zima simu au iweke mbali na koili, na uepuke kuanzia chini ya nyaya za umeme. Ikiwa mashine ina kitufe cha kutafuta masafa tulivu, kibonyeze sasa huku koili ikiwa imeinuliwa na haisogei. Hatua hii ni fupi, lakini nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikidhani udongo ndio unaopiga kelele, kumbe ni simu iliyokuwa mfukoni mwangu.

Kinachofuata ni kuisawazisha mashine na ardhi, na hapa ndipo subira inapohitajika. Tafuta sehemu isiyo na metali, kisha inua na kushusha koili kati ya sentimita 30 na sentimita 3 kutoka ardhini, ukirekebisha hadi sauti isibadilike inapokaribia mchanga wala inapoachana nao. Mawe ya Mwanza ni matale, na mchanga unaotokana nayo kwa kawaida ni mtulivu. Tatizo ni ile michirizi ya mchanga mweusi ambayo mawimbi huikusanya ukingoni, kwa kuwa ndani yake mna chembe za chuma zinazonasa hata kwenye sumaku ya spika. Mashine iliyosawazishwa kwenye mchanga mweupe itaropoka ikifika kwenye mweusi, na itaropoka zaidi ikipanda kwenye udongo mwekundu wa nyuma ya mwalo. Sawazisha upya kila unapovuka kutoka aina moja kwenda nyingine, hata kama ni mara kumi kwa siku.

Maelekezo mengi ya ufukweni yaliandikwa kwa ajili ya bahari, na hutaka uwashe modi ya chumvi kwenye mchanga uliolowa. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya kuisumbua mashine. Ukiiwasha modi hiyo bila sababu, unapunguza usikivu kwa metali zenye namba za chini, na tumeshaona kwamba miongoni mwake zimo sarafu zenye nikeli. Iache.

Usikivu wenyewe usiupandishe hadi mwisho. Anza na asilimia 70 hivi, kisha shuka kidogo kidogo mpaka mashine inyamaze koili inapopita mahali patupu. Watu husita kushusha kwa kuhofia kupoteza kina, ilhali kwenye mchanga mweusi mashine tulivu iliyoshushwa husikia sarafu ya chini ambayo mashine inayopiga kelele huifunika.

Mchujo uwe mdogo, wa kutosha kuondoa misumari tu. Afadhali uchague sauti tatu: nzito kwa chuma, ya kati kwa nikeli na aluminiamu, nyembamba kwa shaba na fedha, ili sikio lichuje badala ya mashine. Kwenye mwalo ambako mitumbwi mibovu imekuwa ikichomwa kwa miaka mingi, misumari imelala kama mvua, na hapo tumia koili ndogo ya sentimita 15 na uongeze kasi ya kupokea ishara, maana koili pana huona msumari na sarafu kwa pamoja na kutoa jibu la msumari.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni kisoda. Ni cha chuma, lakini kwa sababu ya ubapa na umbo lake la mviringo, mashine nyingi hukisoma kama shaba nzuri. Kitambue kwa kuivuta koili taratibu hadi ukingo wake tu uwe juu ya kitu: sauti ya sarafu hufifia ikiwa safi, ya kisoda hugeuka mkwaruzo wa chuma. Risasi za nyavu, vile vipande vya metali vinavyozamisha nyavu, hazina dawa kama hiyo. Husomeka kama sarafu kabisa, na utazichimba.

Kabla ya kuchimba popote, ongea na uongozi wa mtaa na wa mwalo, na ujue kwamba kuchimba kutafuta vitu vya kale kunaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na kunahitaji kibali. Makaburi na maeneo ya kihistoria usiyaguse, na mashimo yafukiwe, kwa kuwa watoto hukimbia humo.

Ukipata ishara, ipite kwa pande mbili zinazokatana. Namba ikibaki ndani ya tofauti ya mbili au tatu na sauti ikawa fupi, chimba. Ikiruka huku na huko, kwa kawaida ni chuma. Lakini milio miwili iliyokaribiana, iliyo sawa na dhaifu, usiipuuze haraka, kwani sarafu iliyosimama kwa ukingo hulia hivyo hivyo.