Kuitoa Windows 11 kwenye hali ya S

Baadhi ya kompyuta mpakato mpya huuzwa zikiwa na Windows 11 Home katika hali ya S, ambayo hukubali programu za Microsoft Store, yaani duka la programu la Microsoft, pekee, hivyo programu uliyoipakua kwingineko hukataliwa. Ukishatoka katika hali hiyo huwezi kuirudia; kwa mtoto anayeanza kujifunza kompyuta, mimi ningeiacha ilivyo. Ukiwa umeamua, jiunge na intaneti, fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha sehemu ya kuamilisha (Activation), ubofye kiungo cha kwenda Store kilicho chini ya maelezo ya kuhamia Windows 11 Home, halafu ufuate maelekezo hadi kuthibitisha. Hulipi chochote. Jihadhari na kiungo kama hicho kilicho chini ya maelezo ya kupandisha toleo, kwani hicho ni cha kununulia toleo jingine la Windows liitwalo Pro.