Nguo za kaskazi kutoka baharini: toka ufukweni hadi kwenye cherehani

Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma kwenye Desemba na joto kupanda, wateja huja wakitaka nguo "ya baharini", na mafundi wengi hukimbilia kitambaa kilichochapwa minazi na samaki. Mimi siendi huko. Nguo hupata sura ya bahari kwa uwiano wa rangi na kwa namna kitambaa kinavyopokea upepo. Ukivipata hivyo viwili, kitambaa kisicho na ua hata moja kitasema kimetoka pwani.

Natumia mfano wa Jambiani, mashariki ya Unguja, maana ndiko ninakochota rangi zangu. Ukiwa Diani, Msasani au Lamu, utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja na maji ya wakati mmoja

Bahari iliyokupwa na bahari iliyojaa ni nguo mbili tofauti, usizichanganye kwenye gauni moja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hapa kwetu hukaribia mita 4. Kwenye saa nne asubuhi maji yamekwenda mbali: unaona mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Alasiri yote hayo yamefunikwa na rangi ya feruzi.

Angalia na jua liliko. Jambiani inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na maji yanang'aa tu bila kuonyesha rangi. Subiri adhuhuri ipite, jua liwe mgongoni mwako. Kendwa, inayotazama magharibi, ni kinyume chake: wahi asubuhi.

Inafaa pia ujue rangi ile inatoka wapi. Mchanga wa Jambiani ni mweupe kwa kuwa umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na maji machache juu yake hurudisha mwanga. Nje ya mwamba kina huzidi ghafla, rangi ikawa nili. Kwenye delta ya Rufiji maji yana tope la mto, yamezungukwa na mikoko. Huko utatoka na hudhurungi na kijani kizito, na mashati ya kiume ya rangi hizo yanapendeza mno.

Hatua ya 2: Nenda na nyuzi

Simu huongeza rangi. Picha ya maji ukiipeleka dukani utanunua buluu ambayo haipo popote. Mimi huchukua kopo la nyuzi za cherehani, buluu na kijani za kila namna, nyeupe, maziwa, kijivu, na chache za rangi kali. Simama, shika uzi mbele ya jicho dhidi ya maji, badilisha mpaka uzi upotee ndani ya rangi unayoitazama. Huo ndio wako. Picha piga pia, lakini iwe ya kukukumbusha mpangilio. Na kama kuna kina mama wanaofanya kazi kwenye mwani, waamkie na uombe ruhusa kwanza. Ile ni kazi yao, si mandhari yako.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi ya uwiano

Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiiharakishe. Kata kipande cha boksi chenye urefu wa sentimita 10. Tazama mandhari ukiuliza kila rangi imechukua sehemu gani, kisha zungushia nyuzi kwa kipimo hicho. Alasiri ya Jambiani maji yakiwa nusu hunipa mara nyingi hivi: mchanga sentimita 5, feruzi 3, nili 1 na nusu, na nusu sentimita iliyobaki ni rangi ya ajabu, ile ndogo isiyotarajiwa.

Sasa kadi hiyo ni gauni. Nusu yake iwe nyeupe ya mchanga, feruzi ifuate, nili iingie kiunoni au kwenye pindo tu. Fundi akizipa rangi zote nafasi sawa, nguo inakuwa bendera.

Rangi ndogo itafute kwa makusudi. Mwani ni hazina: unalimwa Jambiani na Paje tangu 1989, na ukianikwa hupita kwenye kijani, hudhurungi na zambarau iliyofifia. Au nenda dikoni, wavuvi wanakoshushia samaki, mapema umtazame pono kabla rangi haijamtoka. Mwili wa feruzi, na kwa wengine ukingo wa kila gamba una waridi. Waridi ile ukiitandaza kifuani itaharibu kila kitu. Ukiipitisha kama utepe mwembamba kwenye mshono wa bega na mfuko, nguo nzima inaamka.

Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, au kombe lenye uhai, usiviokote.

Hatua ya 4: Chota umbo

Tazama ngalawa. Tanga limefungwa juu kwenye foromali, ule mti unaolishikilia, na chini limeachiwa upepo. Nguo ya joto iwe hivyo hivyo: ishike vizuri mabegani, halafu iachie. Kiuno cha kubana sana huzuia hewa. Kwa marinda ya kitambaa chepesi, chukua upana mara mbili ya sehemu utakayoyashonea. Kizito kidogo, mara moja na nusu yatosha. Ukitaka sketi itiririke kama maji, kata kwa mshazari, pembe ya digrii 45 kutoka kwenye ukingo wa kitambaa.

Hatua ya 5: Nunua kitambaa ukiwa na kadi mkononi

Pamba nyepesi, kitani au rayoni. Polyesta ya bei nafuu ina rangi nzuri dukani, lakini kwenye unyevu wa kaskazi inamgandia mtu mwilini. Toka nje ya duka, inua kitambaa juani: kikionyesha vidole vyako, weka bitana ya pamba mpaka chini ya magoti. Mteja wa kwetu anataka wepesi na stara kwa pamoja.

Kanga nayo inafaa sana. Doti moja hutoa gauni refu la mtu wa kimo cha wastani. Pindo litumie chini ya gauni, mji, yaani sehemu ya kati, uwe mwilini, na jina, yale maandishi yake, usilikate katikati: watu watalisoma.

Hatua ya 6: Fua, kata, tundika, pinda

Fua kabla ya kukata, wanga utoke na kitambaa kinywee kama kitanywea. Nili ijaribu kwa kuifuta na kitambaa cheupe kilichoroweshwa. Ikichuja, usiishone pamoja na nyeupe hata mteja akisisitiza.

Sketi ya mshazari ikishaunganishwa, itundike siku nzima kabla ya kupinda chini. Itashuka, na kila upande kwa kiasi chake. Ndipo umvalishe mteja, upime kutoka sakafuni kuzunguka pande zote, uchore kwa chaki na kusawazisha. Pindo lisizidi sentimita 1. Likiwa nene litazuia mchezo wa kitambaa. Ukimkabidhi, mwambie kila akitoka baharini aisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuianika kivulini.